Mikebe Miwili ya Udongo

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya uzamili, mhadhiri wetu aliandika swali moja ubaoni na kutuagiza tulijibu kwa insha ndefu: katika miaka ya kwanza ya uhuru, ni chama kipi cha siasa kilichowaunga mkono kwa dhati wanajeshi na wakongwe wa vita? Wenzangu walilinakili wakaenda kunywa chai. Mimi nilibaki nimeketi. Nilikuwa na hoja za chama tawala na hoja za chama cha upinzani, zote nikizijua kwa moyo tangu nilipokuwa sekondari, kwa sababu zilihutubiwa mbele ya nyumba yetu. Kabla sijaandika sentensi ya kwanza, habari zilinifikia kutoka nyumbani kwamba baba amefariki. Baba alikuwa mkongwe wa vita. Haya ninayaandika baada ya mazishi yake, na siyo ile insha. Ile insha sijui kama nitaiandika.

Kwetu ni Usenge, juu kidogo ya ufuo wa ziwa, mahali ambapo harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, waliotandazwa juani huingia hata katika kurasa za Biblia. Boma letu lilikuwa na lango moja tu, la babu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwa desturi yetu, kijana akipata nguvu hupewa simba, yaani kibanda chake karibu na lango la baba yake. Humo huoa, na humo hupata watoto wake wa kwanza. Kisha siku hufika akatoka kwenda kuanzisha boma lake: yeye mbele na jogoo wake, mkewe amebeba moto, mwanawe wa kwanza ameshika shoka. Akishalala huko, ndipo watu humhesabu kuwa mtu mzima. Lakini mdogo hamtangulii mkubwa. Kaka akiwa hajatoka, mdogo hatoki, hata kama mvi zimemwota hadi masikioni.

Baba alikuwa mdogo. Yeye na kaka yake walipanda lori moja kule Kisumu wakati wa vita vikuu vya pili, wakasafirishwa hadi Burma. Baba alirudi peke yake, na koti zito la jeshi, na goti lililokataa kukunjika, na habari kwamba kaka yake amekufa. Kaka huyo hakuwa ameoa. Alichokiacha ni simba yake, upande wa kulia wa lango, na mama yake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Dani, kama Wajaluo wote wanavyowaita bibi zao.

Mama yangu alinisimulia jinsi Dani alivyoipokea habari ile. Hakupiga yowe. Alimtazama mwanawe aliyerudi, akamwuliza kama anavyoulizwa mtu aliyetumwa sokoni.

"Ulimwona akianguka?"

"Nilimwona, Mama."

"Ulimzika?"

"Hatukupata nafasi. Tulikuwa tunarudi nyuma."

"Basi hujui."

Serikali ya wakoloni haikuleta neno lolote, la kuthibitisha wala la kukanusha. Dani akaendelea kuikandika simba ya mwanawe mkubwa kila baada ya mavuno, akaiezeka upya ilipovuja, akaifagia kana kwamba mwenyewe amekwenda tu Kisumu kununua viatu. Wazee wa ukoo walipoombwa waamue, walisema jambo ambalo sikuwahi kulipatia jibu: "Mama hajalia. Kifo ambacho mama hajakililia hakijafika nyumbani." Hivyo baba akakaa katika simba yake, upande wa kushoto, akaoa humo, akatuzaa humo. Mama yangu alikuwa akisema, huku akicheka kicheko kisichokuwa na furaha, "Mimi nimezeekea ubi-arusi."

Baya zaidi ni kwamba watu walishuku. Ufuoni walikuwa na msemo wao, waliousema baba akiwa karibu kiasi cha kusikia: mdogo mwenye haraka ya lango humwua kaka yake kwa mdomo. Baba hakuwajibu. Alifanya kazi ya ulinzi kwenye ghala moja mjini Kisumu, akipanga chumba mtaa wa Manyatta, na alipokuja nyumbani alipita kwenye lango la baba yake akiwa ameinamisha kichwa kama kijana aliyechelewa. Hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa mama yake amwamini. Lango lingefuata lenyewe.

Kisha siasa ikaja. Viongozi wetu waligawanyika, wengine wakabaki katika chama tawala, wengine wakaanzisha chama cha upinzani, na kiti chetu cha bunge kikawa wazi. Ghafla wazee waliopigana Burma, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiketi kando ya mitumbwi iliyopinduliwa wakikuna vipara vyao, wakawa watu wa kutafutwa. Kila mgombea alijua kwamba mzee mmoja wa Burma anaweza kuamua kura za ukoo mzima. Baba ndiye aliyekuwa msemaji wao, kwa sababu Kiswahili chake cha jeshi kilikuwa bado kinasimama wima.

Nilikuwa nikiwasikiliza likizoni. Mmoja, aliyepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, alikuwa wa chama tawala kabisa.

"Hawa wamekupa bendera," alimwambia mwenzake. "Leo jeshi ni letu. Kijana wa hapa hapa ni afisa, anapigiwa saluti. Unataka nini tena?"

"Hiyo bendera inapikwa kwa moto mwingi au kidogo?" mwenzake akauliza. "Nijue, maana jioni nina njaa."

"Na hao wapinzani wamekupa nini? Mdomo."

"Mdomo ni kitu, omera, ndugu yangu. Miaka ishirini na ngapi hii tangu turudi? Nani mwingine amewahi kututaja hadharani, hata kwa kututukana?"

Walicheka wote, na yule aliyepoteza vidole akacheka kuliko wengine. Mimi sikucheka. Tangu wakati ule nilikuwa na ugonjwa wa kupima. Chama tawala kiliwapa askari heshima ya sare, lakini kiliwajali zaidi walio kazini kuliko waliostaafu. Upinzani uliwaahidi wakongwe ardhi na kiinua mgongo, lakini haukuwa na mamlaka ya kutoa hata jembe. Nilizipanga hoja hizi kichwani, nikazipangua, nikazipanga tena, nikidhani kwamba nikizipanga vizuri mara moja tu nitajua baba apige kura wapi.

Mkutano wa chama tawala ulifanyika ufuoni, siku ya soko. Mgombea alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya rangi ya majivu, na wanawake wa omena walimpokea kwa utani wao wa kawaida. "Bwana, hiyo suti imekula vizuri kuliko sisi!" Akacheka, akapunga mkono. Alihutubia kuhusu askari, kuhusu damu, kuhusu taifa lisilosahau. Alipotaja Burma, Dani aliinuka kutoka kwenye nyavu alizokuwa ameanikia omena. Magamba yalikuwa yamemganda mikononi hadi kwenye viwiko, yaking'aa.

"Wewe ni serikali?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Mimi na wewe ndio serikali."

"Mimi siyo. Mimi nauza omena. Serikali ilichukua wanaume wawili katika nyumba yangu. Nimerudishiwa mmoja. Wa pili yuko wapi?"

Hata waliokuwa wakipima samaki waligeuka kutazama. Mgombea alimtazama yule mama mzee, akautazama umati, na naamini kwamba kwa sekunde chache aliguswa kweli. Nimelifikiria jambo hilo sana, na bado naamini.

"Mama," alisema, "aliyemchukua ni Mwingereza, lakini sisi ndio tuliokalia kiti chake. Nitakuletea udongo wa kaburi la mwanao. Utamzika hapa hapa kwake."

Vigelegele vilivyopigwa viliwatimua kunguru waliokuwa wakidokoa omena. Dani hakupiga kigelegele. Aliketi chini, akaendelea kugeuza samaki wake, lakini niliona akiwageuza wale wale mara mbili.

Jumapili iliyofuata, chama cha upinzani kilifanya mkutano wake mahali pale pale. Mgombea wao alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kwaya. Alisema serikali hii haijui hata Burma iko upande gani wa jua. Ni wao, wenye marafiki katika nchi za Mashariki, wanaoweza kufika kaburini. Naye akaahidi udongo.

Mkebe wa kwanza ulifika kwa gari, umefunikwa kitambaa, ukiwa umepakwa rangi za chama tawala. Mchungaji aliuombea. Haikupita juma moja, mkebe wa pili ukafika ukiwa na rangi za upinzani, na mchungaji mwingine, wa kanisa jingine, akauombea pia. Boma letu likawa na udongo wa kaburi moja katika mikebe miwili, na mikebe yote miwili iliwekwa juu ya meza ndani ya simba ya marehemu, kila mmoja na mlinzi wake wa chama mlangoni.

Wenyeji walijua kwamba jambo hili ni hatari. Mtu hazikwi mara mbili. Ukifukia kaburi la pili ambalo halina mwenyewe, litamwita mtu mwingine wa nyumba hiyo alijaze. Walinzi wa mlangoni, hata hivyo, hawakuwa watu wa nyumba hiyo, na ulimi wao haukuogopa chochote.

"Udongo wenu mmezoa Ahero kwenye mpunga. Angalieni, utaota mchele huo!"

"Na wenu ni wa nyuma ya soko la Manyatta. Nimeona ganda la ndizi."

"Ganda la ndizi? Burma hakuna ndizi?"

"Maskini kijana wa watu. Aliondoka kwa miguu miwili, amerudi kwa mikebe miwili."

Huyo wa mwisho alikuwa jirani yetu tu, mlevi, na baba alimfukuza kwa fimbo. Ni mara pekee niliyomwona baba akimwinulia mtu mkono.

Wazee wa ukoo waliketi, wakakubaliana kwamba hakuna awezaye kuamua isipokuwa mama mzazi. Dani ataitwa mbele ya watu, atagusa udongo wa mkebe huu na wa mkebe ule, na ule atakaoulilia ndio utakaozikwa. Kila mtu alielewa kitu kingine ambacho hakikutamkwa: chama ambacho mkebe wake utaliliwa kitakuwa ndicho chama cha askari, kwa ushahidi wa mama wa askari, na wazee wa Burma watakwenda huko pamoja na koo zao.

Kuanzia hapo baba hakupata amani. Mawakala walimfuata hadi Manyatta. Yule wa chama tawala alimletea sukari na majani ya chai. "Mzee, wewe hatukuombi useme uongo. Mama akigusa, wewe mshike tu bega, umwambie lia. Kilio ni kilio. Kesho yake unakata nguzo za boma lako, sisi tunaleta mabati." Wakala wa upinzani alisema yale yale kwa maneno mazuri zaidi, na badala ya mabati akaahidi lori la mawe. Baba aliwasikiliza wote wawili akiwa ameketi kitandani, goti lake limenyooka mbele yake, na akawaambia wote, "Nimesikia."

Mama yangu alimsihi. Nilikuwapo. "Mwenye kutoa machozi ni yeye, siyo wewe," alisema. "Wewe nyamaza tu. Umenyamaza miaka yote. Siku moja zaidi itakuua?" Baba alilisugua goti lake. Nilifikiri anapima ni chama kipi kitamfaa zaidi, na nikaanza kumtajia hoja zangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto anayekariri jedwali.

Siku yenyewe boma lilijaa. Wagombea wote wawili walikuwapo, wakipeana mikono mbele ya watu. Meza ililetwa nje, mikebe ikafunuliwa. Dani alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alitia vidole katika mkebe wa kwanza, akasugua udongo polepole. Akatia katika wa pili, akasugua. Udongo mmoja ulikuwa mwekundu, mwingine mweusi. Mimi sikuona tofauti nyingine, na sidhani kama yeye aliona. Watu walikuwa wakisubiri uso wake ukunjike. Nilimwona anajaribu. Namaanisha hivyo hasa: alitaka kulia, alilisogelea lile chozi kama mtu anayeyasogelea maji baridi, halikuja.

Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu baba arudi kutoka vitani, alimwuliza swali asilokuwa na jibu lake tayari.

"Wewe uliyekwenda naye. Ni upi?"

Baba alikuwa amesimama karibu na mlango wa simba yake, amevaa lile koti ingawa jua lilikuwa kali. Alihitaji neno moja tu. Hata kidole kingetosha. Wakala wa chama tawala alikuwa akimtazama, na wa upinzani, na mama yangu aliyekuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Hakuna, Mama," baba alisema. "Siyo huu wala ule. Hapakuwa na kaburi. Alichukuliwa na mto."

Alisema mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Walikuwa wakivuka wakirudi nyuma, risasi zikija kutoka ukingo walioutoka. Kaka yake alikuwa nyuma yake, akishika mkanda wake. Baba akahisi mkanda umelegea. Aligeuka akaona mkono, kisha akaona maji. Ofisa alipiga kelele wasisimame. Hakusimama.

Msomaji asiyekulia ziwani huenda asielewe kwa nini baba aliuficha mto ule kwa zaidi ya miaka ishirini, akasema "alianguka", akaacha watu wamwone mwongo. Kwetu mtumbwi ukizama, ufuo wote hufungwa. Hakuna anayetia nyavu wala anayeuza samaki. Wanaume wote huingia majini kutafuta, siku baada ya siku, hadi ziwa limrudishe mtu. Mvuvi anayefika nchi kavu na kwenda nyumbani huku mwenzake yumo ndani, huyo hapewi tena kasia na mtu yeyote. Hiyo ndiyo sheria aliyolelewa nayo baba, na aliyemfundisha ni mama huyu huyu, mjane wa mvuvi. Alikuwa ameona afadhali aitwe mwongo.

Dani alimwamini. Aliamini papo hapo, kwa sababu aliona ni kitu gani mwanawe amekitupa ili aseme hayo. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole, kama mtu anayetambua sauti.

"Basi kweli ulikuwepo," alisema.

Baba alipiga hatua kumwelekea. Nadhani alikuwa ameingoja sentensi hiyo maisha yake yote ya utu uzima, na nadhani kwa muda wa hatua ile moja alikuwa mwenye furaha.

"Ulikuwepo," Dani akarudia, "na ukamwacha majini."

Ndipo akalia. Yowe lake lilitoka likapita juu ya vichwa vya wagombea, likateremka ufuoni, na wanawake wa omena kule chini, bila kujua kilichotokea, wakalipokea na kulipeleka mbele. Mama alikuwa amelia. Kifo kilikuwa kimefika nyumbani.

Mtu wa maji asiyeonekana huzikwa kwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwenye mti wake kama kiwiliwili cha mtoto. Hilo kila mtu alilijua, na lingeweza kufanywa wakati wowote katika miaka ile. Tunda lilikatwa siku hiyo hiyo. Baba alivua koti lake la jeshi, wakalivingirisha tunda ndani yake, wakamzika kaka yake kando ya simba yake. Hakuna aliyekumbuka kuwaomba wagombea wazungumze. Waliondoka kwa magari yao, mmoja akitangulia na mwingine akila vumbi la mwenzake, na mikebe ikabaki mezani. Baadaye Dani aliumwaga udongo wote njiani, ambako kuku walichakura, akaiosha mikebe na kuipeleka kazini ufuoni. Wateja wake walipimiwa omena kwa mkebe wa chama tawala au wa upinzani, kutegemea ulio karibu na mkono, na walitaniana: "Dani, nipimie kwa huu wa serikali, huu mwingine una tumbo dogo!" Yeye hakutabasamu.

Lango sasa lilikuwa huru. Wazee walimwambia baba atoke ajenge. Mama yangu alikwisha kuchagua mahali, mteremko wenye upepo unaotazama maji. Baba alikata nguzo, akazileta, akaziegemeza kwenye ua. Zikakaa. Mvua ikaja, ikapita. Mama alipomwuliza, alisema, "Nijenge niwaambie watu nini?" Mchwa walizila nguzo zile zikiwa zimesimama. Dani alizungumza naye kuhusu mvua, kuhusu ng'ombe, kuhusu ada zetu za shule. Kuhusu mto hakumwuliza tena, na sidhani kwamba kuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza. Mimi sikumwuliza. Nilikuwa nasoma historia.

Miaka michache baadaye chama cha upinzani kilipigwa marufuku na tukabaki na chama kimoja. Wazee wa Burma walirudi kwenye mitumbwi yao iliyopinduliwa. Yule aliyepoteza vidole aliwaambia wenzake kwamba sasa angalau hakuna haja ya kubishana, na safari hii hakuna aliyecheka.

Baba alifia katika simba yake, upande wa kushoto wa lango, kitanda chake cha ujana kikiwa kimemfupikia. Mwanamume aliyeoa hazikwi kama kijana. Asipokuwa amejenga, hujengewa kabla hajafukiwa. Nilifika kutoka Nairobi nikakuta watu tayari wako mteremkoni wakichimba mashimo ya nguzo. Jogoo alishikwa na baba yangu mdogo wa ukoo. Mama yangu alibeba moto, hatimaye, akitembea mbele ya jeneza kama bi-arusi. Nami, mwana wa kwanza, nilipewa shoka. Mwakilishi wa chama alihutubia kidogo kuhusu mashujaa wetu ambao taifa halitawasahau. Alikuwa kijana wa rika langu, na alilitamka jina la nchi ya Burma kama mtu anayelisoma.

Dani aliletwa akishikiliwa mkono. Macho yake yalikuwa yamefifia sana. Kibanda kilikuwa na kuta lakini udongo wa kukandika ulikuwa haujamalizika, na yeye akaomba apelekwe ukutani. Alipapasa hadi akanipata, akanitambua kwa kola ya shati.

"Nyakwara," aliniita, mjukuu wangu. "Alipokata roho, ulikuwepo?"

"Sikuwepo, Dani. Nilikuwa chuoni."

Alifikiri. Karibu nasi wanawake walikuwa wakikanyaga matope kwa miguu, wakiimba.

"Basi wewe hukumwacha," alisema.

Nimelipima neno hilo kila siku tangu hapo. Wakati mwingine naliona kuwa ni huruma: ananiondolea mzigo aliomtwika baba. Wakati mwingine naliona kuwa ni jambo aliloligundua akiwa amechelewa, kwamba katika nyumba yetu aliyekuwapo ndiye aliyehukumiwa, na sisi tuliokuwa mbali, wagombea, ofisa yule ng'ambo ya mto, mimi na vitabu vyangu, tulisalimika wote. Sijui. Hakuniambia. Alichota matope kwa mikono miwili, akayabandika ukutani, kisha akaushika mkono wangu wenye shoka, akanifanya niliweke chini, akanionyesha nilainishe wapi. Tulikandika ukuta wa baba pamoja hadi jua likasogea, naye akiwa anarudia, si kwangu, kwa sauti ya mtu anayeuliza na yuko tayari kungoja ajibiwe, "Maji yalikuwa baridi, mwanangu? Yalikuwa baridi?"